Kwa nini M3 haiachi mkono wangu

Ukichungulia kwenye kidirisha cha Leica M3 utaona katikati kiraka kidogo kinachong'aa, na ndani yake kila kitu kimekuwa viwili. Mtu ana pua mbili. Zungusha pete ya lenzi taratibu: pua moja inaisogelea nyingine, zinalaliana, inabaki moja. Fokasi imekaa, bonyeza.

Ndivyo zinavyofanya kazi kamera za reinjifainda. Mwanga unaingia kwa vidirisha viwili, na umbali unapimwa kwa pembetatu. Kadiri vidirisha hivyo vinavyoachana, ndivyo kipimo kinavyokuwa makini. Contax II ya mwaka 1936 iliviachanisha kwa takriban milimita 90, kuliko Leica yoyote. Kwa vipimo tu, ingekuwa bingwa. Lakini ukiishika kama kamera nyingine, kidole cha kati cha mkono wa kulia kinaangukia juu ya kidirisha na kiraka kinatoweka. Mimi sijaizoea mpaka leo.

M3 ilitoka mwaka 1954. Kidirisha chake kinaonyesha vitu kwa ukubwa wa mara 0.91, karibu sawa na jicho tupu, kwa hiyo naacha macho yote mawili wazi na kumwona mpita njia kabla hajaingia kwenye fremu. Kwa lenzi ya milimita 50 sijaona cha kuipita. Kwa ya milimita 35 siipendekezi, maana haina mistari ya fremu hiyo.

Bei yake, lakini, inauma. Anayeanza namshauri Canonet QL17 G-III ya mwaka 1972, yenye lenzi ya milimita 40: betri ni ya kipima mwanga tu, hata bila betri kasi na tundu unaviweka mwenyewe. Yashica Electro 35 ina lenzi tamu pia, ila betri ikiisha inabaki na kasi moja, 1/500 ya sekunde, na betri za zebaki ilizotengenezewa hazitengenezwi tena.

Kabla hujatoa hela, peleka kamera nje, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, kisha utazame mnara ulio mbali au mwezi. Kwenye kiraka, picha mbili zikikataa kulaliana, au kiraka kikiwa kimefifia hukioni, mrudishie mwenyewe.