Mbwa Anapotokwa na Damu Puani

Kisa hiki kilitokea kwa jirani zetu, katika kartie moja ya Manika hapa Kolwezi. Asubuhi mama wa nyumba alifungua mlango, akakuta matone ya damu kwenye kizingiti, tena mengine kwenye saruji mpaka chini ya muembe. Mbwa wao alikuwa amelala pale, pua imejaa damu. Miaka minne alikuwa analinda lupangu, usiku wakati baba yuko kazini mgodini na mama amebaki peke yake na watoto.

"Mama, Simba iko natoka damu mu mapua!" mtoto alipiga kelele.

Kijana mkubwa hakungojea. "Ni bale ba ng'ambo ya kikuta. Banamupatia sumu. Si balisema imbwa yetu inabalia sana usiku?"

Mimi niliitwa kama mtu wa karibu. Nilipofika, maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka ukuta, na baba alikuwa ameshika simu ili apeleke mambo kwa chef wa kartie. Mama ndiye aliyesema, "Papa, ngoja kwanza. Tuite munganga wa nyama aangalie."

Munganga alikuja saa nne. Hakuuliza habari ya jirani hata kidogo. Alifungua mdomo wa mbwa: ufizi ulikuwa mweupe, una madoa mekundu madogo kama mtu amechoma choma na sindano. Alimgeuza tumbo, madoa ni yale yale. Kisha akaingiza kidole ndani ya sikio, akatoa kupe, mmoja, wawili, watatu, wa rangi ya kahawia. Akasema, "Mama, mimi sioni sumu hapa. Huyu anakosa plakete."

Plakete ni kitu gani? Vitabu vya Kiswahili huziita chembe-sahani. Ni vipande vidogo sana vinavyotembea ndani ya damu, vinavyotengenezwa katika uboho wa mifupa. Mshipa ukipasuka kidogo, hizo ndizo zinafika kwanza. Zinajishika kwenye ukingo wa tundu, zinaitana, zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka tundu linazibwa, kama fundi anavyoziba tiyo kwa kitambaa kabla ya kutafuta saruji. Saruji yenyewe, yaani nyuzi za kugandisha damu, inakuja nyuma. Mbwa mzima ana chembe-sahani kati ya 200,000 na 500,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu, na kila moja haiishi zaidi ya siku chache, karibu juma moja. Zikishuka chini ya 50,000, hatari inaanza; zikishuka zaidi, damu inaweza kutoka bila mtu kumgusa mbwa.

Kumbe kupe ana kazi gani hapo? Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba kijidudu kinachoitwa Ehrlichia canis. Wataalamu wawili Wafaransa, Donatien na Lestoquard, walikieleza mwaka 1935 kule Algeria. Baadaye kikaonekana mahali pengi pa joto. Katika vita vya Vietnam kiliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, na kati ya majina mengi ya ugonjwa huu kuna moja lililotoka karibu na kwetu: ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu. Kijidudu kinaingia ndani ya chembe nyeupe. Mwili unapotaka kupigana nacho, askari wake wanakosea adui, wanashambulia chembe-sahani zao wenyewe, na wengu inazimeza. Zile zinazobaki nazo hazishikani vizuri. Ndiyo maana mbwa anaweza kutoka damu hata kama hesabu yake haijashuka sana.

Jambo linalodanganya watu ni siku. Mbwa akisha kuumwa na kupe, juma mbili au tatu zinaweza kupita kabla ya homa. Homa inapita, anakula tena, watu wanasema amepona. Kumbe ugonjwa unaweza kukaa kimya miezi, hata miaka, na mwishoni uboho wenyewe unachoka kutengeneza damu. Wakati huo mtu anatafuta nani alitupa nyama yenye sumu jana usiku.

Sumu ya panya ipo, sikatai. Ile ya kisasa inazuia kazi ya vitamini K, kwa hiyo inaharibu ile saruji, si chembe-sahani. Damu yake hupenda kumwagika ndani: kifuani, tumboni, katika viungo. Madoa kama ya sindano kwenye ufizi na tumbo yanaelekeza zaidi kwa plakete. Lakini jicho peke yake halitoshi. Munganga alitoa tone la damu, akalipaka kwenye kioo, akaenda nalo kwenye sante. Hadubini ile ile ya kutafutia malaria ya watoto inatosha. Katika duara moja la kuangalia, kwa lenzi kubwa ya mafuta, mbwa mzima anapaswa kuonyesha zaidi ya chembe-sahani kumi; kila moja ni kama 15,000. Kwa Simba alihesabu moja, mbili, mara nyingine hakuna. Kwa vipimo vikubwa zaidi, kuna kitivo cha uganga wa nyama kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ingawa barabara ni ndefu kwa mbwa mgonjwa.

Hapo baba akasema, "Munganga, jana nilimupatia kipande ya aspirini, alikuwa na homa." Munganga alishika kichwa. Chembe-sahani haina kiini ndani yake, haiwezi kujitengeneza upya. Aspirini ikiisha kuigusa, imefungwa mpaka siku ya kufa kwake. Yaani zile chache ambazo Simba alikuwa nazo zilifungwa mikono. Tafadhali, vijana, msitoe dawa za famasi ya watu kwa mbwa kwa kubahatisha.

Tena niseme neno moja kwa wenye ng'ombe na mbuzi. Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimle. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwaka 2025 kiliua viboko wapatao 50 katika mbuga ya Virunga, hapa hapa nchini mwetu.

Simba alipewa doksisiklini, kwa kipimo cha uzito wake, kila siku kwa siku 28. Siku ya nne damu ilikoma. Kazi ngumu ilikuwa lupangu. Kupe huyu hapendi majani tu, anaingia nyumbani, anapanda ukuta, jike anataga mayai maelfu katika nyufa, na anaweza kukaa miezi bila kula. Watoto walichoma magunia ya zamani, baba akaziba nyufa za kikuta kwa saruji, pande zote mbili.

Pande zote mbili, kwa sababu mwenye nyumba ya ng'ambo alikuja mwenyewe siku ya tatu, anavuta mbwa wake kwa kamba. "Na huyu wangu, muangalie mu masikio," alisema. Walikuta kupe kumi na moja. Kioo chake kilionyesha chembe-sahani tano au sita kwa duara, na bado hajatoka damu hata tone. Munganga amewaambia wote wawili warudi baada ya miezi mitatu kwa kioo kingine.