Kutafuta nyumba mtandaoni: tumia jicho lako la muuzaji

Wenzangu tunaouza mtandaoni, ukitafuta nyumba ya kununua tayari una ujuzi ambao wengine hawana: unajua picha inavyopambwa.

Mimi nauza viungo kwa WhatsApp, nimepanga karibu na Forodhani, na sasa natafuta nyumba ndogo Mji Mkongwe, chini stoo ya mzigo, juu tuishi. Nikikuta tangazo Facebook Marketplace au Instagram, kwanza picha naipitisha Google Lens. Ikitokea kwenye tovuti ya hoteli, nafunga.

Usitafute kwa kuandika "Zanzibar" tu. Andika mtaa: Shangani, Kiponda, Malindi, Mkunazini. Halafu dalali akutumie lokesheni, uifungue Google Maps. Nyengine zinaitwa za Mji Mkongwe, kumbe ziko ng'ambo ya barabara ya Darajani. Si vibaya, ila bei iwe ya huko.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukuta. Nyumba hizi ni za mawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Rangi mpya inaficha mengi, na plasta ya saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani. Beit al Ajaib, hapo hapo Forodhani, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Kwa hiyo dalali akupigie video, asikutumie iliyorekodiwa. Wewe ndiye wa kusema: elekeza simu darini, hapo boriti inapoingia ukutani, haya sasa tuoneshe paa. Akisema bando limekwisha, subiri anunue.

Lakini hakuna programu itakayokwambia nyumba ni ya nani. Zanzibar ardhi ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Unanunua jengo na haki ya kuitumia ardhi. Nyengine ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Nyengine ina warithi saba, watatu wako Muscat, anayeuza mmoja. Hao wa Muscat zungumza nao kwa video, kisha ridhaa yao iwe ya maandishi. Kabla hujatuma hata shilingi ya "kushikia", omba nakala ya hati, nenda kwa sheha, halafu Kamisheni ya Ardhi. Ukihisi wakfu, ulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kama stoo yako inataka kuvunja ukuta, anza na Mamlaka ya Mji Mkongwe; mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hubomoi upendavyo.

Dalali akikwambia kuna mteja mwengine anakuja na pesa jioni, mjibu: sawa, akighairi nishtue.