Ruzuku ya dari yaponya vifua New Zealand

Julai, mkazi wa Nairobi anapovuta blanketi la pili usiku, mkazi wa New Zealand naye anatetemeka. Nchi hiyo iko mbali kusini mwa dunia, na Julai ni katikati ya majira yake ya baridi. Tofauti ni kwamba huko serikali iliamua kumchangia mwananchi gharama ya kuizuia baridi hiyo isiingie nyumbani.

Wengi wetu hudhani nyumba za ng'ambo zote zina joto. Sivyo. Nyumba nyingi za New Zealand ni za mbao, tena zimeinuliwa juu ya nguzo fupi, na upepo hupenya chini ya sakafu. Sheria ya kulazimisha nyumba mpya ziwekewe vifaa vya kuhifadhi joto ilianza kutumika 1978. Zilizojengwa awali ziliachwa zilivyo. Familia zikawa zinajibana katika chumba kimoja chenye hita, kisha watoto wanakwenda kulala katika vyumba vyenye unyevu na kuvu ukutani. Pumu ikapata makao.

Profesa Philippa Howden-Chapman wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake walichagua nyumba 1,350, kila moja ikiwa na mtu mwenye maradhi ya kifua. Baadhi ziliwekewa matandiko mazito juu ya dari na chini ya sakafu. Nyingine zikangoja zamu yao. Matokeo yalichapishwa 2007, na yanashangaza. Joto la vyumba vya kulala lilipanda kwa nusu digrii tu! Hata hivyo hewa ilikuwa kavu zaidi, uwezekano wa watoto kukosa shule ulipungua kwa karibu nusu, na watu wazima nao hawakukosa kazi kama awali. Nishati iliyotumika ilikuwa asilimia 81 ya ile ya nyumba zilizokuwa zikingoja.

Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wa Warm Up New Zealand. Mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 2000 alilipiwa thuluthi moja ya gharama, isiyozidi dola 1,300 za nchi hiyo. Wenye kipato kidogo walilipiwa asilimia 60. Mwananchi hakukabidhiwa pesa mkononi. Fundi aliyeidhinishwa alifanya kazi, na ruzuku ikapunguzwa kwenye bili. Msomaji anayejua jinsi fedha za umma zinavyopotelea njiani ataelewa uzuri wa utaratibu huo. Wachumi walipopiga hesabu baadaye, waligundua kwamba faida ilizidi gharama mara kadhaa, na sehemu kubwa ilitokana na afya wala si bili ya umeme.

Aliyebaki taabani ni mpangaji. Mwenye nyumba ndiye alipaye fundi, lakini anayelala kwenye joto ni mwingine. Landilodi wa huko, sawa na wa kwetu, aghalabu huikumbuka tarehe ya kodi kuliko hali ya dari. Ruzuku ilimbembeleza, lakini si wote walioitikia.

Hatimaye ikaja amri. Tangu Julai 1, 2019, nyumba ya kupangisha sharti iwekewe matandiko hayo darini na chini ya sakafu palipo na nafasi ya kuyaweka. Mpango mpya wa ruzuku, Warmer Kiwi Homes, ulioanza 2018, uliwalenga watu wa kipato kidogo wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Landilodi hakutiwa katika hesabu hiyo. Akaachiwa atoe pesa mfukoni mwake.