Mtoto kucheza na tope na unga siku ya sherehe: nini hukmu yake?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam).

Ama baada ya hayo, dada yetu mmoja wa Unguja, anayeishi na mumewe Natta, wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ametuuliza swali. Mtoto wao anatimiza miaka minne, naye anataka kuwaalika watoto wa majirani, wengi wao si Waislamu, wacheze na tope, maji ya rangi na unga uliokandwa. Mama yake aliyeko Unguja amemwambia yote hayo ni haramu. Anakhofia kumuudhi mama, na anakhofia kuwavunja moyo majirani waliowapokea vizuri. Kwa kuwa michezo hii imeshaingia pia majumbani mwetu visiwani, tumeona tuwajibu nyote.

Kwanza, siku ya kuzaliwa. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baz na wengineo wameikataza, na Dar al-Ifta ya Misri imeihesabu kuwa ni ada inayofaa ikiwa haina maasi. Sisi twashauri njia iliyo salama: waalikeni watoto siku nyengine yoyote, bila mishumaa. Kucheza na kuwakirimu majirani hakuhitaji tarehe.

Pili, kuchafuka. Kuchafuka kwenyewe si haramu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufahamisha kuwa ardhi amefanyiwa msikiti na kitwaharishio. Bi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) alicheza na wanasesere nyumbani kwake naye hakumkataza, na Masahaba waliwatengenezea watoto wao wanasesere wa sufu siku ya Ashura ili wasahau njaa mpaka wafuturu.

Kinachotazamwa ni najisi. Natta ni nchi ya wakulima na wafugaji, na tope la karibu na zizi huwa limechanganyika na samadi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha ng'ombe ni najisi, ingawa Imamu Malik na Imamu Ahmad wamekiona kuwa ni twahara. Basi chimbeni udongo mahala safi. Na mtoto akishapatwa na najisi, iondolewe, kisha mwili na nguo vipitishiwe maji mpaka athari iondoke.

Tatu, unga. Hapa bibi wa mtoto amesema kweli. Katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, Allah amekataza ubadhirifu na kuwafanya wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Mtume aliamrisha hata tonge lililoanguka liokotwe, lifutwe na liliwe. Mafakihi nao wamekataza kustanji kwa chakula kwa ajili ya heshima yake. Unga huo wa muhogo au mahindi ndio ugali wa majirani hao hao. Je, mwapenda watoto wao warudi nyumbani wakisimulia kuwa kwa Waislamu unga humwagwa chini?

Wapeni watoto udongo wa mfinyanzi. Unakandika vizuri na hauna gharama. Na mkitaka wakande unga, waoshwe mikono, wakande wa chapati, kisha zipikwe zikaliwe pamoja na wageni.

Nne, usalama. Mtoto mdogo huweza kuzama katika beseni la maji kidogo, kwa hiyo asiachwe peke yake, na maji yamwagwe mchezo ukisha. Msitumie maji ya bwawa, kwani huweza kuwa na kichocho, maradhi tunayoyajua vizuri Unguja na Pemba. Nanyi wazee mkicheza nao, ondoeni tope na unga uliokauka kwenye kucha kabla ya kutawadha, kwani huzuia maji kufika.

Dada yetu, mpigie mama simu kabla ya siku hiyo. Mwambie unga umeuacha kwa nasaha yake, umwombe na dua. Kisha waite majirani.

Wallahu a'lam.