Chaza Hula Nini?

Karo yangu hulipwa kwa chaza. Mama huwabandua katika mizizi ya mikoko, na kwetu twaamini kwamba hula majani ya mikoko yaliyooza. Je, ni kweli? Kumpasua tumbo hakutoshi, kwani huonyesha alichomeza tu, si kilichogeuka kuwa nyama yake.

Wataalamu hupima atomu. Katika atomu 100 za kaboni, kama 99 ni kaboni 12, na moja hivi ni kaboni 13, iliyo nzito zaidi. Jani la mkoko lina kaboni 13 pungufu kuliko vimea vidogo mno vieleavyo baharini, na nyama ya mlaji hufuata chakula chake. Tena tezi ya kusagia chakula hujijenga upya upesi, hali msuli hukawia. Basi tezi husimulia chakula cha juzijuzi, na msuli cha miezi iliyopita. Hapo ndipo nilipostaajabu!

Mahali pengi penye mikoko imeonekana kwamba chaza na jamaa zake hutegemea zaidi vimea vya majini kuliko majani hayo. Nilipomweleza Mama wakati wa likizo, alicheka.

"Sawa, mwanangu. Na mikoko ikikatwa, hao chaza watashika wapi?"