Moto wa Mapema na Moto wa Kiangazi

Kijana mmoja wa Nyamisangura, mjini Tarime, ametuuliza swali ambalo tumeona lastahili kujibiwa kwa urefu, kwani wako wengi walifikirio bila ya kulisema. Asema: mwanakijiji akitia moto majani ya Hifadhi ya Serengeti hukamatwa na kushtakiwa, lakini mvua za masika zikiisha, askari wa hifadhi wenyewe huingia na viberiti wakachoma majani yale yale. Iweje tendo moja liwe kosa kwa huyu na kazi kwa yule?

Hatuoni utovu wa adabu wowote katika swali hili. Na jibu lake limo katika majani yenyewe.

Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na eneo lake ni kilomita za mraba 14,763. Upande wa kusini ni uwanda wa majani mafupi, ambapo mvua ni haba na moto haupati chakula. Kaskazini, upande uelekeao Tarime na mto Mara, mambo ni mengine. Huko mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, na majani huota hata yakafika kiunoni mwa mtu. Ukifika Agosti yamekuwa makavu kama makuti ya paa. Basi majani hayo hayana budi kuondolewa na kitu: ama mdomo wa mnyama, ama fyekeo la mtu, ama moto. Visipokuja viwili vya kwanza, cha tatu kitakuja chenyewe siku kisipotakiwa, kwa radi, kwa mrina asali aliyesahau kijinga chake, au kwa mwindaji wa siri.

Hapa kuna habari ambayo wazee wa Mara wafugao ng'ombe wataipokea kwa mshangao. Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiohesabika, na ukaendelea kuwarudia kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 ng'ombe wa pande zote za Serengeti walichanjwa. Chanjo ilitiwa katika ng'ombe tu, hakuna aliyemchanja nyumbu; lakini ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, ulitoweka hata katika wanyama wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakati ule walizidi 1,300,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Makundi hayo yakala majani. Zamani zaidi ya nusu ya nchi ile iliungua kila mwaka. Sasa moto ukawa haukuti cha kuunguza, ukapungua sana, na miche ya migunga ambayo kila mwaka ilikuwa ikiunguzwa kabla ya kurefuka ikapata nafasi ya kuwa miti. Ndivyo sindano ya bwana mifugo, katika zizi la mfugaji asiyewaza habari za misitu, ilivyozima moto na kuotesha miti. Ulimwengu mzima ulitangazwa kuwa umeepukana na sotoka mwaka 2011.

Lakini nyumbu ni wasafiri. Huwasili kaskazini, kwenye mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, na njia yao haipiti kila pahali. Panapobaki majani marefu ndipo askari wa hifadhi wanapotumia moto wa mapema.

Moto huo huwashwa mvua zimekwisha, na mashina ya majani yangali na unyevu. Huchagua kilichokauka na kuacha kibichi, hivyo nchi hubaki na madoa, pengine peusi, pengine pa kijani. Ukiwashwa jioni, umande wa usiku huuzima. Kando ya barabara, kuzunguka nyumba za askari na mahali pa wageni, majani hufyekwa kwanza, kisha ukanda huo huchomwa, ili moto wa baadaye ufikapo ukute majivu na udongo. Moto wa Septemba au Oktoba ni kitu kingine kabisa. Huo hupanda, hukimbia na upepo, huua miche iliyo chini ya kimo cha mita mbili au tatu, na huingia katika misitu ya kando ya mto. Mti mkubwa mmoja ukianguka huko, jua hupenya, majani huota katika uwazi, na mwaka wa pili moto umepata mlango. Msomaji atakumbuka moto wa mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, uliodumu zaidi ya wiki moja na kuunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Watu kwa mamia waliupanda mlima ule kwenda kuupiga kwa matawi.

Kwa hiyo tendo si moja. Wanazuoni wetu wa sheria walikwisha kulipambanua jambo hili zamani. Walisema mtu akiwasha moto shambani mwake siku ya upepo mkali, ukaruka ukaunguza cha jirani, atalipa, kwani alijua au ilimpasa kujua. Lakini akiwasha kwa kiasi kilichozoeleka, siku iliyotulia, kisha upepo ukazuka ghafla, hadaiwi. Kipimo chao kilikuwa wakati, upepo na hadhari, hata kwa mwenye mali yake. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo ina vifungu juu ya uchomaji wa majani na vichaka.

Hata hivyo hatutaki kijana wetu adhani kwamba askari hakosei. Kuchoma mahali pamoja kila mwaka, bila ya kutazama kama pana haja, huwanyima wanyama malisho na kuwaangamiza ndege watagao chini. Moto wa mapema ni dawa, na dawa ina kipimo chake.

Tena liko jambo la wale wakaao mpakani. Ardhi iliyotengwa kwa manufaa ya wote si ngeni katika Uislamu, iliitwa hima. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kuilinda, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na awazuie wenye makundi makubwa, akiwataja kwa majina masahaba matajiri, kwani hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba, lakini maskini atakuja mlangoni na watoto wake. Serengeti ng'ombe hawaruhusiwi kabisa, na sheria hiyo hatuivunji wala hatumshawishi mtu kuivunja. Twasema tu kwamba kazi ya kufyeka mikanda ya moto mpakani yahitaji mikono mingi yenye mapanga na mafyekeo, na mikono hiyo imo Tarime. Twaona ingekuwa haki vijana wa vijiji vya jirani watangulizwe katika ujira huo, wala haitakuwa rahisi kwa mtu kutia moto ukanda alioufyeka kwa jasho lake.

Na wewe uliye na shamba, unayetaka kusafisha mabua kabla ya mvua za vuli, mwarifu jirani, fyeka ukanda kuzunguka kiwanja chako, uwe na maji na matawi mabichi, na uchome kuelekea upepo utokako, usiupe moto mgongo wa upepo. Usiondoke ukiona ndimi zimelala. Gogo kavu na kinyesi cha ng'ombe hushika moto kimya kimya usiku kucha, na saa sita ya mchana wa pili, upepo uinukapo, huwaka tena. Basi rudi asubuhi, ugeuze kila kinachofuka moshi, umwagie maji.