Neno "Mgeni" na Kuoneana Imani: Zoezi la Pamoja kwa Njia ya Mtandao

Makala haya yanakusudia kueleza namna wanafunzi wa malezi mbalimbali wanavyoweza kufundishwa kuoneana imani kwa kuandika pamoja katika mtandao. Istilahi hiyo imeteuliwa kwa makusudi. "Huruma" aghalabu humweka anayehurumia juu na anayehurumiwa chini, ilhali kiambishi cha kutendana, yaani -an-, huwafanya wote wawili kuwa watendaji na watendwa.

Mfano mwafaka ni neno "mgeni" katika pwani ya kusini ya Kenya. Kwa kijana wa Diani, kwenye hoteli za ufukweni, mgeni kwanza ni mtalii: hupokewa, hubebewa mizigo, kisha huenda zake. Kwa mwenzake wa Msambweni aliyezaliwa na Wamakonde, neno hilo hilo lina uchungu. Wazee wake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa mwaka 1988, nao wakabaki. Methali yataka mgeni wa siku mbili apewe jembe siku ya tatu. Hawa walilishika jembe kwa miongo kadhaa, wakazidi kuitwa wageni, bila kitambulisho, na kwa hiyo bila hati ya shamba wala akaunti ya benki, hata Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe.

Basi vijana hao waandike fasili moja ya neno hilo katika ukurasa mmoja wa mtandao, kila mmoja akiwa kwao. Sharti ni hili: asiyeafiki asifute, bali aongeze sentensi inayosemwa nyumbani kwake. Darasani mwenye sauti kubwa hushinda, na lafudhi ya Kidigo au ya Kimakonde huchekwa kabla hoja haijasikika. Maandishi hayana lafudhi. (Hayana uso pia, utani husomeka kama tusi, kwa hiyo salamu zisikatwe.) Palipo na simu moja kwa nyumba nzima, jibu laweza kungoja siku mbili bila hasara.

Mwalimu asiharakishe kuisawazisha fasili. Ikiwa maana ya tatu ukurasani ni "mtu aliyezaliwa hapa akaambiwa si wa hapa", iachwe, na anayeipinga aombwe sentensi yake.